UZI: Vilalo (madaraja) vyetu vinazeeka, malori yanazidi uzito. Tuweke vihisi (vifaa vya kupima), au ni mapambo?

Mpima_Vyuma (Lubumbashi), mwanzisha uzi

Bandugu, jambo yenu.

Mimi ni fundi wa vipimo. Siku nyingi nabandika vihisi kwenye mitambo ya migodi, mara chache kwenye vilalo. Katika grupu moja la WhatsApp tumebishana mpaka usiku. Wengine wanataka kila kilalo cha zamani cha Katanga kiwekwe vihisi, wengine wanasema hiyo ni pesa ya kumwaga mtoni. Nimeuleta ubishi huku kwa sababu WhatsApp haivumilii maelezo marefu.

Kwanza tujue tunazungumzia nini. Reli ilifika Elisabethville (Lubumbashi ya leo) mwaka 1910, ikafika Bukama 1918, na njia ya Tenke kwenda Dilolo ikakamilika 1931. Barabara zikafuata. Waliochora vilalo vya enzi hiyo walikuwa wanafikiria treni na malori ya enzi hiyo. Leo shaba na kobalti vinateremka kutoka Kolwezi kwenda Kasumbalesa, salfa na asidi vinapanda, usiku na mchana. Kikomo cha SADC na COMESA, jumuiya za nchi za kusini na mashariki mwa Afrika, ni tani 56 kwa lori pamoja na mzigo wake. Hicho ni kikomo cha kwenye karatasi. Njiani munajua wenyewe.

Chuma hakichoki kwa sababu ya umri peke yake. Kinachoka kwa kupindwa na kuachiwa, kupindwa na kuachiwa, mara mamilioni. Na uchovu huo haupandi sawa na uzito: kwa hesabu ya kawaida ya chuma, ukizidisha mkazo mara mbili, uharibifu unaongezeka takriban mara nane. Kwa hiyo lori moja lililojazwa kupita kiasi linakula maisha ya boriti kuliko msururu wa malori yanayofuata sheria.

Sasa vihisi. Kile cha msingi ni kibandiko chembamba, kidogo kuliko stempu ya posta, chenye waya mwembamba uliokunjwa-kunjwa ndani. Unakigandisha kwenye boriti. Boriti ikivutika, waya unavutika nao, upinzani wake wa umeme unabadilika, na wewe unasoma badiliko hilo. Boriti ya chuma ikirefuka sehemu 100 katika kila milioni, ujue mkazo umeongezeka megapaskali 20. Hapo hakuna uchawi. Kuna vingine vya kupima mtikisiko, vya kupima nguzo inainama kiasi gani, vya kupima ufa unapanuka au umetulia, na vile vya kusikiliza, ambavyo vinasikia waya wa ndani ya zege ukikatika.

Hivi vya kusikiliza vimepata umaarufu tangu tarehe 11 Septemba 2024, sehemu ya daraja la Carola kule Dresden, Ujerumani, ilipoanguka mtoni usiku wa manane. Hakufa mtu, kwa bahati tu. Daraja lilikamilika 1971 na lilikuwa linakaguliwa kwa ratiba. Tatizo lilikuwa ndani, kwenye nyaya za chuma zilizovutwa kwa nguvu na kufunikwa zege, ambako jicho la mkaguzi haliingii. Baadaye daraja jingine la mto huohuo, Bad Schandau, likafungwa kwa sababu ya chuma cha aina hiyo. Lilifunguliwa tena Aprili 2025 kwa magari yasiyozidi tani 7.5, huku vihisi vya sauti vikisikiliza usiku na mchana. Hapo ndipo naona faida yake: kihisi hakikuponya daraja. Kiliwapa watu ruhusa ya kuendelea kulitumia kwa masharti.

Msimamo wangu basi: ndiyo kwa vihisi, lakini vichache, kwenye vilalo ambavyo vikikatika mji unakosa chakula. Na kabla ya kununua hata kimoja, iandikwe na kusainiwa nani atafunga kilalo namba ikifika wapi. Bila hiyo karatasi, mimi niko upande wa wale wanaosema ni pesa ya kumwaga.

Leteni hoja.

Dereva_wa_Kasumbalesa

Mukubwa, aksanti kwa uzi. Mimi niko dereva, njia ya Kolwezi mpaka ku mupaka. Bantu banasema dereva njo mubaya, dereva anazidisha muzigo. Mimi sipakiye gari. Banapakia kule ku kampuni, mimi napewa karatasi na funguo. Nikikataa, kuko vijana kumi ku mulango banangojea hii kazi.

Ile ya pili: dereva anasikia kilalo. Kuko vilalo ukipita, usukani unatetemeka namna ingine kuliko mwaka jana. Nani anatuuliza? Hakuna. Na kama munaweka bikapta (bile vihisi), munaniambia mimi namna gani kama ni mubaya? Minafika saa nane ya usiku na gari imejaa. Ku nyuma kuko gari ingine, ku nyuma yake ingine.

Mpima_Vyuma

Yaya (kaka yangu), hilo swali la mwisho ndilo kubwa kuliko yote, nitalirudia.

Kuhusu mzigo, ngoja nikupe habari nzuri. Vile vibandiko nilivyotaja vinaweza kugeuza kilalo chenyewe kuwa mizani. Unajua boriti inapindika kiasi gani lori la tani zinazojulikana likipita, basi ukiona mpindiko wa lori jingine unapiga hesabu ya uzito wake, tena bila kulisimamisha. Slovenia wamefanya kazi hii kwa miaka mingi. Haina usahihi wa kumpiga mtu faini, lakini baada ya mwezi mmoja unajua malori mangapi yamezidi, saa ngapi, na yanatoka upande gani. Na hapo lawama inatoka kwa dereva inakwenda kwa aliyepakia, kwa sababu msururu mzito ukitokea kila siku saa ileile, siyo tabia ya dereva mmoja tena.

Injinia_Ubungo (Dar es Salaam)

Mkuu, uzi mzuri, ila punguza kidogo mapenzi na vifaa. Wadau wasome habari ya Minneapolis. Tarehe 1 Agosti 2007 daraja la I-35W lilianguka, watu 13 wakafa. Uchunguzi ukaonyesha bamba za kuunganishia vyuma zilikuwa nyembamba tangu mchoro wa miaka ya 1960: karibu nusu ya unene uliotakiwa. Siku hiyo kulikuwa na matengenezo, mchanga, kokoto na mashine vimerundikwa juu ya daraja. Ungeweka vihisi mia kwenye boriti na ukasahau zile bamba, usingeona kitu. Kihisi kinapima pale ulipokibandika tu. Aliyetakiwa pale ni mtu wa kukaa na michoro na kupiga hesabu upya.

Walipojenga daraja jipya mahali hapo, lililofunguliwa 2008, walitia vihisi zaidi ya 300 tangu siku ya zege. Sawa, kwa daraja jipya ni rahisi, unajua kila nondo iko wapi. Kwa daraja kuukuu ambalo michoro yake imeliwa na mchwa, utabandika wapi?

Na pia daraja la Morandi, Genoa, Italia, lililoanguka 14 Agosti 2018, watu 43. Mwaka mmoja kabla, wataalamu wa chuo cha Politecnico di Milano walikuwa wameona kamba za nguzo ya 9 hazitikisiki inavyotakiwa, wakashauri vihisi vya kudumu. Havikuwekwa. Nguzo ya 9 ndiyo iliyoanguka. Dalili ilikuwepo hata kabla ya vihisi.

Mpima_Vyuma

Injinia, tunakubaliana zaidi ya unavyodhani. Morandi kwangu ndiyo ushahidi wa ile karatasi ninayoidai. Ripoti ilikuwepo, ila hapakuwa na mstari unaosema "ukiona hivi, malori yasipite kuanzia kesho".

Kuhusu michoro iliyopotea: kweli, kwetu ni janga. Nimewahi kuomba mchoro wa kilalo mahali fulani, nikapewa chai.

Mama_wa_Katuba

Samahani baba zangu, mimi si injinia, nauza unga na nasafiri Likasi kila mara. Mumeandika Ujerumani, Amerika, Italia. Huku kwetu kilalo kikiwa na tundu kila mtu analiona. Mbao zimetoka, vyuma vya pembeni vimeibiwa, vijana wameweka mawe ili gari zisiingie. Kihisi kitatuambia nini tusichokiona? Hii ni kumpima mtoto malaria kila siku na hakuna anayenunua dawa.

Hizo pesa nunueni mbao na rangi.

Mpima_Vyuma

Mama, kwa kilalo cha namna hiyo una haki kabisa. Tundu halihitaji kihisi, linahitaji fundi, na rangi iliyopakwa kwa wakati inaokoa chuma kuliko kompyuta yoyote. Ningekuwa na mfuko mmoja tu wa pesa, ningeanza na kusafisha mifereji ya maji juu ya vilalo, maana maji yaliyotuama ndiyo yanayozaa kutu.

Lakini kuna ubaya usioonekana hata ukisimama juu yake. Ohio na West Virginia, Marekani, Desemba 1967: daraja la Silver lilianguka saa za jioni, magari yamejaa, watu 46 wakafa. Chanzo ni ufa ndani ya kipande kimoja cha mnyororo wa chuma, ufa wa kama milimita mbili na nusu, mahali pasipoonekana bila kufungua kiungo. Ndipo Wamarekani wakaanza sheria ya kukagua madaraja ya nchi nzima.

Na kuna maji, Mama. Hili nalitolea sauti kwa sababu ndilo letu. Msimu wa mvua, mto ukijaa, unachimba mchanga chini ya nguzo. Mafuriko yakipungua, mto unarudisha mchanga na matope ndani ya lile shimo. Ukienda kukagua Mei, unaona nguzo imekaa vizuri juu ya udongo, kumbe udongo ule ni laini, hauna nguvu. New York, Aprili 1987, daraja la Schoharie Creek lilikwenda hivyo, watu 10. Marekani madaraja mengi yanaangushwa na maji kuliko na mizigo. Na hapa kwetu, wa Uvira wanakumbuka Aprili 2020, Mulongwe ulivyoteremka.

Kwa hiyo kihisi changu cha kwanza kabisa kwenye kilalo cha mtoni hakingekuwa juu, kingekuwa kwenye nguzo: kimoja cha kupima mwinamo wake na kingine cha kupima kina cha mto, ili tujue mchanga umeshuka kiasi gani wakati wa mafuriko yenyewe, siyo baadaye.

Mwana_wa_Nyiragongo (Goma)

Nawasoma kutoka Goma. Sisi hatuna vilalo vikubwa, lakini habari ya vihisi tunaijua kuliko mji wowote wa nchi hii. Mlima uko juu ya vichwa vyetu na OVG, kituo cha kuchunguza volkano cha Goma, ina vipima-tetemeko vinavyouzunguka.

Tarehe 22 Mei 2021 mlima ulilipuka jioni, wengi tukajua kwa kuona anga imekuwa nyekundu. Kabla ya hapo ufadhili wa Benki ya Dunia ulikuwa umekwisha 2020, na kwa miezi kadhaa watu wa OVG hawakuwa na intaneti ya kupokea data sawasawa. Wataalamu wapo, vihisi vipo mlimani, bando hakuna! Siwalaumu wale wa OVG, ni watu wa kazi. Nasema anayeleta mradi wa vilalo aulizwe kwanza: bando la mwaka wa tano analipa nani? Mfadhili anapenda siku ya kukata utepe. Mwaka wa tano hayupo.

Kijana_Polytechnique

Salamu wakubwa. Niko Unilu (Chuo Kikuu cha Lubumbashi), mwaka wa mwisho. Nimeona vihisi vya mtikisiko vya bei ndogo, vilevile vilivyo ndani ya simu. MIT, chuo cha Marekani, walitoa kazi mwaka 2022, walipima mitikisiko ya daraja la Golden Gate kwa simu zilizokuwa ndani ya magari yanayopita. Je, si tunaweza kufanya vile kwa simu za madereva kama yaya hapo juu? Kilalo kikipoteza nguvu, mtikisiko wake unapungua kasi, tunaona, tunatoa taarifa. Bei karibu sufuri.

Mpima_Vyuma

Kijana, wazo si baya, lakini fanya hesabu kabla ya kufurahi. Kasi ya mtikisiko (mara ngapi kinatikisika kwa sekunde) inafuata kipeuo cha pili cha ugumu. Kilalo kikipoteza asilimia 10 ya ugumu wake, jambo ambalo ni kubwa mno, kasi inashuka kama asilimia 5 tu. Sasa jua lenyewe linabadilisha kasi hiyo. Uswisi walikuwa na daraja la Z24 lililokuwa linangoja kubomolewa. Walilipima karibu mwaka mzima, 1997 mpaka 1998, halafu wakaliharibu kwa makusudi, hatua kwa hatua, waone kama vihisi vitasema. Wakakuta baridi ilipogandisha lami, kasi ilibadilika kuliko ilivyobadilika kwa baadhi ya majeraha waliyolitia.

Lubumbashi lami haigandi, lakini Juni usiku tunavaa makoti na Oktoba mchana tunatafuta kivuli. Kwa hiyo usije hapa baada ya wiki mbili na kusema kilalo kinakufa. Pima joto pamoja na mtikisiko, pima mwaka mzima, kiangazi na mvua, ndipo utajua kilalo chako kikiwa kizima kinafananaje. Tena lile la Golden Gate ni refu, linacheza polepole, magari ni mengi sana. Kilalo chetu cha mita 20 lori linakimaliza kwa sekunde mbili.

Ukitaka mada ya kumalizia masomo, chukua joto lenyewe. Boriti ya chuma ya mita 40 ikipata nyuzi 20 zaidi inarefuka karibu milimita 10. Inatakiwa iteleze juu ya beringi zake, yaani viti inavyokalia juu ya nguzo. Weka kipimo cha bei ndogo kwenye mwanya wa mwisho: kama jua linawaka na mwanya haufungi, beringi imeganda kwa kutu, na boriti inasukuma nguzo. Hiyo ni habari unayoipata kwa siku moja, na dawa yake ni grisi na jeki.

Ndugu_Fulani

Nyie wote mumesahau kwamba hii ni Katanga. Waya wa shaba ukilala nje usiku mmoja, kesho uko kwa mnunuzi. Paneli ya jua ndiyo usiseme.

Mpima_Vyuma

Hatujasahau. Ndiyo maana vya sasa havina waya: betri iko ndani, kinatuma ujumbe mfupi kwa redio mara chache kwa siku, kimepakwa rangi ya kilalo chenyewe, kiko chini ya boriti ambako lazima uwe na ngazi. Vinaibiwa bado, lakini kidogo. Dawa nyingine niliyoiona inafanya kazi ni kumpa kazi mtu wa kijiji cha hapohapo, alipwe kila mwezi, tena alipwe kweli.

Papa_wa_Reli

Watoto, nimesoma yote. Nilikuwa kwenye brigade (kikosi) ya vilalo vya reli, sasa napumzika. Kihisi chetu kilikuwa nyundo. Unapiga kila ribiti, ule msumari mnene unaounganisha vyuma: nzima inalia, iliyolegea inajibu kama mbao. Tulikuwa na daftari kwa kila kilalo, ribiti kwa namba yake, na saini ya aliyepiga. Kilalo kikibadilika tulijua, kwa sababu daftari la mwaka jana lilikuwa mfukoni.

Michoro munayolilia, mingine ilipotea kwa vita. Pale mto Lufira vilalo vililipuliwa wakati wa Sécession, Katanga ilipojitenga, ONU (Umoja wa Mataifa) ikavuka kwenda Jadotville, Likasi ya leo, mwanzoni mwa Januari 1963. Kinachojengwa upya kwa haraka baada ya mambo kama yale hakiwi kile cha kwenye mchoro wa kwanza. Kwa hiyo kabla ya kubandika kitu, pimeni chuma chenyewe, unene wake, kila boriti. Musiamini karatasi.

Na Matadi je? Kile kilalo cha Wajapani cha 1983, mita 722, kina watu wake, ofisi yake, na malipo yake mlangoni. Walipoona kutu ndani ya kamba kuu waliweka mashine ya kupuliza hewa kavu ndani yake. Kilalo chenye mwenyewe kinaishi.

Mpima_Vyuma

Papa, shikamoo. Ukurasa mmoja wako umezidi uzi wangu wote.

Injinia wa Ubungo, jibu la swali lako la wapi pa kubandika ndilo hilo: tunaanza na nyundo na kipimo cha unene, ndipo tunajua boriti ipi imebaki nyembamba, na hapo ndipo kihisi kinakwenda.

Dereva_wa_Kasumbalesa

Mukubwa bado hujanijibu. Saa nane ya usiku.

Mpima_Vyuma

Nakujibu, yaya. Kilalo ninachokiwazia kina vihisi kama sita: viwili vya mkazo kwenye boriti mbaya kuliko zote, kimoja cha mwinamo kwenye nguzo ya mtoni, kimoja cha kina cha mto, kimoja cha joto, kimoja kwenye mwanya. Namba mbili tu za hatari. Ya kwanza ikifikiwa, ujumbe unakwenda kwa injinia wa zamu na kwa mlinzi wa kilalo, na asubuhi mtu anakwenda na nyundo. Ya pili ikifikiwa, mlinzi anashusha kizuizi na kuwasha taa nyekundu pande zote mbili, bila kupiga simu kwa mkubwa yeyote. Ruhusa yake iko kwenye karatasi, imesainiwa na wenye barabara na ofisi ya gavana kabla vihisi havijawashwa. Anayefungua ni injinia peke yake, baada ya kushuka chini na kuangalia.

Wewe unaona taa nyekundu mita 500 kabla, mahali penye nafasi ya kuegesha na kugeuza lori refu. Bila hiyo nafasi ya kugeuza mpango wote umekufa, kwa sababu lori la kumi litawasukuma wa mbele wapite.

Dereva_wa_Kasumbalesa

Na kama mulinzi anapewa kitu kidogo ili afungue?

Mpima_Vyuma

Kizuizi kikipanda wakati namba ni nyekundu, vihisi vinaandika uzito wa kila lori lililopita na saa yake. Haizuii rushwa, lakini asubuhi injinia anajua nini kilipita. Ndiyo maana rekodi zisikae kwenye kilalo, zitumwe Lubumbashi kila usiku, na nakala ibaki Unilu.

Kijana wa Polytechnique, nitumie ujumbe wa faragha. Papa, kama yale madaftari ya ribiti bado yako mahali, tungeomba kuyapiga picha, hata yaliyolowa.

Papa_wa_Reli

Mengine yako. Njooni Kamalondo Jumamosi, mtu mmoja alete simu yenye kamera nzuri, na musije mikono mitupu.